London Ilijua

Kwa miaka mingi utetezi wa serikali ya Uingereza kuhusu mateso ya Kenya wakati wa hali ya hatari dhidi ya uasi wa Mau Mau ulikuwa ule ule: maovu, kama yalitendeka, yalitendwa na maafisa wachache wa chini, mbali na macho ya wakubwa. Utetezi huo unaangushwa na maandishi ya serikali hiyo yenyewe. Gavana Evelyn Baring aliandikiana mfululizo na Mawaziri wa Makoloni, kwanza Oliver Lyttelton, kisha Alan Lennox-Boyd. Barua na telegramu zao zinathibitisha kwamba London ilipewa habari, na katika jambo zito kuliko yote iliombwa ruhusa ikaitoa.

Wapo wanaosema kwamba umbali ulimfanya Gavana awe mfalme mdogo, na Waziri apate habari mambo yakiwa yameshapita. Mwanzo wa hali ya hatari wenyewe unaonyesha vingine. Baring alifika Nairobi mwishoni mwa Septemba 1952. Siku chache baadaye alimwandikia Lyttelton akiomba kibali, akakipata, na tarehe 20 Oktoba hali ya hatari ikatangazwa. Katika muda usiotimia mwezi mmoja ombi lilikwenda, likajadiliwa, likajibiwa. Mawasiliano hayo hayakukatika baadaye. Januari 1955 Baring alimwarifu Lennox-Boyd kuhusu maafisa wanane wa Kizungu waliotuhumiwa kwa mauaji, vipigo na risasi, miongoni mwao mmoja aliyetuhumiwa kumchoma mtu akiwa hai. Mwezi huo huo ukatangazwa msamaha uliozuia watu wa serikali wasishtakiwe kwa makosa yaliyotangulia. Baada ya hapo wabunge kama Barbara Castle waliendelea kuuliza, na Waziri aliendelea kuyapunguza mambo mbele ya Bunge, ilhali alikuwa ameshaandikiwa.

Ushahidi mzito zaidi ni wa 1957. Katika kambi za Mwea maafisa walikuwa wakiwapiga mahabusu waliokataa kutii tangu siku ya kupokelewa, ili kuvunja ukaidi wao na kuwalazimisha wakiri viapo vya Mau Mau. Walijua kwamba sheria haikuwaruhusu. Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alikuwa ameandika kwamba hali ya mahabusu ilimkumbusha Ujerumani ya Wanazi na Urusi ya Kikomunisti, lakini badala ya kuizuia aliiandikia kanuni. Mnamo Juni alitayarisha waraka unaoeleza nguvu itumike vipi: mpigaji awe mtulivu na asipige kwa hasira, na sehemu za mwili zilizo dhaifu, kama wengu, ini na figo, zisiguswe. Akamwandikia Baring kwamba ikiwa ni lazima watende dhambi, basi waitende kimyakimya. Baring alipeleka jambo hilo kwa Lennox-Boyd, na London ikakubali. Hapa hatuzungumzii askari aliyepandwa na hasira kambini. Ni mwanasheria, Gavana na Waziri, kila mmoja mezani kwake, wakipanga mahali fimbo itakapotua katika mwili wa mtu aliyefungwa bila kuhukumiwa.

Nguvu iliyoruhusiwa Mwea iliishia mauti: tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola kando ya Mto Tana, mahabusu 11 walipigwa hadi kufa kwa sababu walikataa kufanya kazi. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi wa daktari na wa mahakama ukaonyesha kuwa waliuawa kwa kipigo. Hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa vifo hivyo.

Hoja nyingine ni kwamba nchi ilikuwa vitani. Ni kweli Mau Mau waliua, na waliochinjwa Lari Machi 1953 walikuwa Wakikuyu wenzao, wakiwemo wanawake na watoto. Lakini mtu aliyekwisha kukamatwa, aliyezungushiwa seng'enge na kulindwa kwa bunduki, hayumo tena vitani, na barua za 1957 zinamhusu huyo. Pana pia wanaoogopa kwamba tukiyategemea maandishi ya mkoloni tutamwachia yeye kusimulia historia yetu. Hofu hiyo ina msingi, ila katika suala hili mambo yalikwenda kinyume. Mwanahistoria Caroline Elkins alipochapisha kitabu chake kuhusu kambi hizo mwaka 2005, baadhi ya wanahistoria wenzake walimlaumu kwa kutegemea mno simulizi za wazee wa Kikuyu. Majalada yalipofunguliwa, yaliwaunga mkono wazee.

Na yalifunguliwa kwa kulazimishwa. Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni Iain Macleod aliagiza kwamba serikali mpya za Kiafrika zisikabidhiwe karatasi zozote za kuiaibisha serikali ya Malkia au kuwataja watoa habari wake. Nairobi, nyaraka za siri zilitengwa zishikwe na maafisa wa asili ya Kizungu tu. Nyingi zilichomwa moto, na nyingine zikasafirishwa kwenda Uingereza kabla ya uhuru wa Desemba 1963. Majalada takriban 1,500 ya Kenya yalikaa kimya Hanslope Park, katika bohari ya serikali ya Uingereza, hadi wazee wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza na, mwaka 2011, ikalazimika kukiri kwamba inayo. Asiyekuwa na la kuficha hateui rangi ya ngozi ya mshika jalada. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alisimama bungeni akasikitikia mateso hayo, na serikali yake ikakubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwamo, kwa walalamikaji 5,228.

Majalada yenyewe yako Kew, katika hifadhi ya taifa ya Uingereza. Yaliandikwa Kenya, na maafisa waliolipwa kwa kodi ya Wakenya, kuhusu miili ya Wakenya. Serikali ya Kenya inapaswa kuyadai yarudishwe Nairobi, nakala halisi, na iyaweke mahali ambapo wajukuu wa mahabusu wa Mwea na Hola wataweza kuingia na kuyasoma bila viza.