Milima ya Mwezini na Mlima Hanang

Tangu kale mwanadamu aliuchora mwezi kabla ya kuukanyaga. Wachoraji walitangulia kwa rangi, wanasayansi wakafuata kwa vyombo. Insha hii yaeleza yaliyotokea mguu ulipofika pale ambapo rangi ilikuwa imetangulia, na funzo wanaloweza kulipata walimu na wanafunzi wa Mbulu na Hanang.

Miongoni mwa waliotangulia alikuwa Chesley Bonestell, mchoraji wa Marekani. Mwaka 1957 jumba la makumbusho ya sayansi la Boston lilitundika picha yake ya nchi ya mwezini, yenye urefu wa mita 12 hivi. Milima yake ilichongoka kama meno ya msumeno, na magenge yake yalisimama wima. Kisha, tarehe 20 Julai 1969, Neil Armstrong na Buzz Aldrin walitua mwezini. Picha zilizoletwa kutoka huko zilionyesha milima ya mviringo, iliyosagwa na vimondo kwa muda mrefu usiohesabika. Mwaka 1970 picha ya Boston ikateremshwa. Bonestell hakuwa mvivu wala mwongo. Mahali ambapo jicho lilikuwa halijafika, aliazima milima ya duniani.

Hadi Desemba 1972 watu 12 walikuwa wameukanyaga mwezi. Mmoja wao, Alan Bean, alitua huko Novemba 1969. Mwaka 1981 aliacha kazi ya anga ili awe mchoraji, naye aliishi hadi mwaka 2018. Alipaka rangi nzito, akaigonga kwa nyundo aliyoitumia mwezini na kuitia alama za kiatu cha mwanaanga. Tena akachanganya ndani yake vipande vidogo vya nembo za vazi lake, vyenye vumbi la mwezi. Yawezekana mtu akauliza: ikiwa kamera zimekwisha kupiga picha, brashi ni ya nini? Jibu limo katika kazi zenyewe. Udongo wa mwezini ni wa kijivu, naye akautia rangi nyingine, apate kueleza yaliyokuwa moyoni mwake aliposimama pale. Alikuwa na haki ya kuibadili rangi kwa sababu aliijua ile ya kweli.

Sasa tugeukie kwetu. Huko Basotu, wilayani Hanang, yapo mashimo makubwa ya mviringo, mengine yenye maji, ambayo mtu akiyatazama kutoka juu angeweza kuyafananisha na yale ya mwezini. Asili zao ni mbalimbali: ya Basotu yalitokana na milipuko ya volkano, ilhali mengi ya mwezini yalichimbwa na vimondo. Nao Mlima Hanang, volkano ya kale, una urefu wa zaidi ya mita 3,400, na kilele chake hakivai theluji kama cha Kilimanjaro.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa mtumishi wa serikali, niliombwa kuamua mashindano ya michoro katika shule moja iliyo chini ya mlima huo. Mada ilikuwa "Mlima." Karibu wanafunzi wote walichora pembetatu yenye theluji, kama walivyoiona vitabuni. Msichana mmoja tu alichora ubavu wa Hanang wenye makorongo yaliyochimbwa na maji. Nilimwuliza alijifunza wapi. Akajibu kwamba huyaona kila aendapo kuchota maji. Nami, kwa aibu naandika, nilitoa tuzo kwa theluji, kwa kuwa mistari yake ilikuwa safi.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka mlimani, vikaupiga mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na makumi ya watu wakapoteza maisha. Sidai kwamba mchoro ungelizuia tope. Lakini nilikumbuka makorongo yale, na jinsi mimi, mtu mzima mwenye madaraka, nilivyomfundisha mtoto kwamba alichokiona kwa macho yake hakina thamani.

Bonestell aliazima milima kwa kuwa hakuwa na njia ya kufika mwezini. Sisi tuna udhuru gani, na Hanang uko dirishani? Basi, mwalimu, kabla hujagawa karatasi, watoe wanafunzi nje wautazame mlima wao. Wakishaujua, waupake rangi yoyote waipendayo.