Kawa, barza na mahali pa kukutana: historia fupi kwa sisi wenye kurudi



Kila mara shirika letu linapotuma mjumbe Goma ao Bukavu, ulizo moja linarudia: tukutane wapi na watu tunaowatafuta? Hotelini bei iko juu. Ofisini kwa mtu, yeye ndiye mwenye kiti na wewe ni mwombaji. Nganda iko na muziki na pombe, na ba mama wengi hawapendi kuonekana pale. Ndiyo maana watu wa ONG, wafanyabiashara na wanafunzi wanatafuta nyumba ya kawa: meza, umeme wa kuchaji simu, na kikombe kimoja cha kukupa ruhusa ya kukaa. Hilo ni ulizo la zamani sana, na linagusa amani yetu hapa Itebero.

Desturi ya kunywa kawa ilienea kutoka Yemeni. Mwaka 1511, kule Makka, gavana Kha'ir Beg aliikataza. Watu walikuwa wanakutana usiku, wanakunywa na kuzungumza, na hilo halikumpendeza. Marufuku yake haikudumu. Miaka ya 1550 nyumba za kawa zikafunguliwa Istanbul. Mwaka 1633 Sultani Murad wa Nne akaamuru zifungwe, lakini kiisha zikarudi.

London ilipata nyumba yake ya kwanza mwaka 1652, kwa mkono wa mtu aliyeitwa Pasqua Rosée. Kikombe kilikuwa peni moja. Kwa peni hiyo mtu alikaa, akasikiliza habari, akasoma gazeti, akabishana na mtu ambaye hangemkaribisha kwake. Desemba 1675 Mfalme Charles wa Pili alitoa amri nyumba hizo zifungwe, akisema zinaeneza maneno mabaya juu ya serkali. Watu walilalamika sana, na Januari 1676, mbele siku ya kufunga ifike, akairudisha amri yake. Katika miaka hiyo ya 1680, wenye meli walizoea kukutana kwa Edward Lloyd kupashana habari za bahari. Kutoka meza zile ndipo ilizaliwa Lloyd's, soko la bima linalojulikana dunia nzima mpaka leo.

Kwa hiyo wafalme na magavana hawakuogopa kinywaji peke yake. Waliogopa mahali ambapo bei ni ndogo, kiti si cha mtu mmoja, na hakuna anayekufukuza haraka.

Sisi tunajua mahali pa namna hiyo, hata bila kawa. Pwani ya Zanzibar na Mombasa, baraza ni benchi la mawe mbele ya nyumba, na mwuza kahawa anapita na dele lake la moto. Kiswahili kilifika huku kwetu na misafara ya karne ya 19, na leo katika mashariki ya Kongo barza ni veranda ya nyumba, na pia ni kikao cha watu. Lakini kikao chenyewe hakikungojea jina hilo. Hadithi ya Mwindo, ambayo Candi Rureke aliiimba kwa Kinyanga mwaka 1956 na ikachapwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, inamwonyesha mwami Shemwindo anaita watu wake wakae pamoja, aseme neno lake mbele ya wote.

Kawa yenyewe ilitufikia kwa njia ingine. Wabelgiji waliipandisha Kivu ili iuzwe Ulaya: arabika ku milima, robusta ku bonde za misitu. Mwenye kuchuma hakuwa mwenye kunywa. Mjini, mikahawa ya wazungu haikuwa ya mtu mweusi. Wale walioitwa « évolués » walikuwa na « cercle » zao, na si kila mtu aliingia. Kiisha ikaja zairianizasyo ya Novemba 1973, mashamba yakabadilisha wenyewe, mengi yakaharibika. Ugonjwa wa kukauka kwa mimea ulikuja kuua robusta nyingi ya Kongo. Wakati wa vita, wakulima wa kando ya ziwa walivusha kawa usiku mpaka Rwanda kwa mitumbwi, na wengi walizama. Mwaka 2003 koperative SOPACDI ilianzishwa upande wa Minova ili mkulima apate soko la haki, na mwaka 2015 Bukavu ilifanya shindano la Saveur du Kivu, la kuonja kawa za kwetu. Kenya nao walilima kawa na kunywa chai. Java House ilifunguliwa Nairobi mwaka 1999, na leo mikutano mingi ya kazi inafanyika ku meza za mikahawa kama hiyo.

Sasa turudi Walikale. Mahali petu pa wote palikuwa soko. Machi 1993, ni sokoni, kule Ntoto, ndipo mauaji yalianza, kiisha vita ikaenea Walikale na Masisi. Watu walikimbia, lakini kitu kingine kilipotea pia: ile desturi ya kusimama karibu na jirani wa kabila ingine bila kuogopa. Mwaka 1998 wakubwa wa jamii za Kivu ya Kaskazini waliunda Barza Intercommunautaire. Ilituliza mambo fulani, lakini katikati ya miaka ya 2000 ikavunjika, wakubwa walipogawanyika. Barza ya wakubwa haiwezi kushika nafasi ya barza ya majirani.

Hilo ndilo tunaliona katika kazi ya teren. Mwenye kurudi na mwenye kubaki wanakutana ku ofisi ya shefu ao ku tribinali, yaani wakati ugomvi wa shamba umekwisha kuiva. Mbele ya pale hawana mahali pa kusemezana.

Kwa mjumbe wa mjini, basi, shauri ni hili. Chagua nyumba ambayo mama anaingia bila haya. Uliza bei ya kikombe mbele ya kukaa. Keti mahali ambapo mazungumzo hayasikiki na meza ya pili, na usiache karatasi zenye majina ya watu juu ya meza. Usikubali nyumba ya mtu mwenye upande katika ugomvi.

Na hapa Itebero, barabara ya Bukavu–Kisangani inapita kwetu, na wasafiri wanaomba kitu cha moto. Ninapendekeza mkutano mkuu ujao uzungumze hili: hangari moja ya miti na manyasi, mabenchi, mama wawili wa kupika kawa na chai, mmoja kati ya wenye kurudi na mmoja kati ya wenye kubaki, kikombe kwa bei ya mtu wa chini. Isijengwe ku kiwanja chenye maneno. Pombe isiuzwe pale, wala silaha isiingie. Kila kundi lilete wazo lake juu ya kiwanja.