Waliotoka Ukumbini Wakiimba

Kila mwaka mimi huwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne kutazama tamthilia ya mtihani. Tunapanda basi Kawangware, tunapita Lavington na Kileleshwa, tunashuka mjini. Na kila mwaka, mlangoni mwa ukumbi, kuna mtu mzima anayewaonya watoto wakae kimya, wasijibu, wasubiri mwisho ndipo wapige makofi. Anasema kwa nia njema. Lakini nimesoma historia ya maigizo ya mji huu vya kutosha kujua kwamba anawaomba watoto wangu waache kitu ambacho wazazi na nyanya zao walikilipia gharama kubwa.

Ukimya huo haukuzaliwa hapa. Uliletwa. Novemba 1952, wiki chache baada ya Hali ya Hatari kutangazwa Oktoba 20, serikali ya kikoloni ilifungua Kenya National Theatre kando ya hoteli ya Norfolk, kwenye barabara ambayo leo inaitwa Harry Thuku. Vijana wa Kiafrika walikuwa wakikamatwa mitaani kwa kukosa vibali. Ndani ya jumba, walowezi na maafisa walikuwa wakitazama michezo iliyoandikwa Uingereza kuhusu maisha ya Uingereza. Kwenye barabara ya Parliament, Donovan Maule na mkewe Mollie, waliokuja Kenya mwishoni mwa miaka ya 1940, walijenga ukumbi wao wenyewe mwaka 1958. Walikuwa watu wa kazi, na walifundisha wengi ufundi wa jukwaa. Lakini hadhira waliyoilea ilikuwa hadhira ya kuketi, kutazama na kuondoka. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, bendera ilibadilika upesi kuliko ratiba ya kumbi hizi.

Barabara ya Harry Thuku yenyewe ilikuwa na kumbukumbu tofauti. Machi 16, 1922, maelfu ya watu walikusanyika karibu na hapo, nje ya kituo cha polisi, wakitaka mwanasiasa Harry Thuku aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru aliwakemea wanaume waliokuwa wakisitasita, akasonga mbele, na polisi wakafyatua risasi. Walowezi waliokuwa kwenye baraza ya Norfolk nao walipiga risasi. Serikali ilihesabu waliokufa kuwa 21. Waliokuwapo walisema ni wengi zaidi. Kwa hiyo jumba la maigizo lilisimamishwa mahali ambapo umati wa Nairobi ulikuwa tayari umewahi kusema neno lake na kujibiwa kwa bunduki.

Umati ule ulirudi Oktoba 1976.

Kenya ilikuwa ikijiandaa kupeleka michezo Lagos, kwenye tamasha kubwa la sanaa za Waafrika lililojulikana kama FESTAC, mwanzoni mwa 1977. Michezo miwili ilichaguliwa: Betrayal in the City ya Francis Imbuga, na The Trial of Dedan Kimathi, iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo. Waandalizi walitaka kuionyesha National Theatre wakati wajumbe wa Mkutano Mkuu wa UNESCO walikuwa wakikusanyika Nairobi. Wakaambiwa ukumbi umeshakodiwa: kulikuwa na kikundi cha ballet kutoka Ufaransa, na mchezo wa kuchekesha wenye nyimbo uliotoka Marekani. Waigizaji wa Kenya walipewa siku chache tu mwishoni mwa Oktoba, katika jumba lililobeba jina la taifa lao.

Fikirini ni tarehe gani hizo. Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alikamatwa Oktoba 21, 1956, akanyongwa katika gereza la Kamiti Februari 18, 1957. Miaka 20 ilikuwa imepita tangu akamatwe. Katika viti vya National Theatre walikaa watu waliokuwa msituni, waliokuwa kizuizini, waliofiwa na kaka na baba, na pia watoto wao waliokuwa hawajawahi kusikia jina la Kimathi likitajwa kwa sauti kubwa mjini. Na mchezo wenyewe haukufunika kitu. Kimathi anateswa katika seli. Wanakuja wenye benki na wanasiasa kumshawishi aache mapambano. Mvulana na msichana wa mitaani wanapigania sarafu chache. Mahakamani anakataa kuitambua sheria inayomhukumu.

Seth Adagala, mwelekezi wa mchezo, aliumaliza kwa wimbo. Usiku wa kwanza waigizaji walishuka jukwaani wakipita katikati ya watu, wakiimba na kucheza, na watu wakainuka. Hawakusubiri kufika nyumbani ndipo wayazungumze waliyoyaona. Waliingia katika msafara, wakatoka nao nje hadi uwanjani, wakielekea upande wa Norfolk, wakiimba nyimbo za kupigania uhuru mahali ambapo watu wa Thuku walianguka. Ngũgĩ ameeleza tukio hilo katika maandishi yake, na ameeleza pia kwamba yeye na Adagala waliitwa na wakuu wa upelelezi wa polisi na kuonywa. Mjane wa Kimathi, Mũkami, alifika pia kuutazama mchezo pamoja na watoto wake.

Kila ninaposoma habari hii huwauliza wanafunzi: wakubwa walikasirishwa na nini hasa? Maneno ya tamthilia yalikuwa yamechapishwa. Yeyote angeweza kuyanunua dukani. Kilichowatia hofu ni watu waliotoka mlangoni pamoja, usiku, wakiimba, bila kuambiwa na mtu. Kitabu humkuta msomaji peke yake. Mchezo humkuta akiwa na jirani yake, bega kwa bega, na wote wawili wanasikia jambo moja kwa wakati mmoja.

Mwaka uliofuata hadhira ilipewa kazi zaidi. Ukitoka Kawangware kuelekea kaskazini magharibi, ukipita Uthiru na Kikuyu, unafika Limuru, na huko ndiko kijiji cha Kamĩrĩĩthũ kilipo. Wakazi wake walikuwa vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, na wengi wasio na kazi wala ardhi. Walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa kuketisha zaidi ya watu 2,000. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, Kĩmani Gecaũ akaielekeza, na mazoezi yakafanywa mbele ya kila aliyetaka kuja. Wazee walikatiza mazoezi kusahihisha lugha na nyimbo. Waliokuwa vitani walionyesha jinsi mambo yalivyofanyika. Wafanyakazi wa kiwandani walieleza hesabu ya mishahara yao, kinachoingia mfukoni mwao na kinachobaki kwa mwajiri. Hadhira ilikuwa imeandika mchezo kabla haujafunguliwa. Ulifunguliwa Oktoba 2, 1977. Novemba 16 kibali kikafutwa. Desemba 31 Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akakaa kizuizini Kamiti karibu mwaka mzima bila kufunguliwa mashtaka.

Mnamo Februari 1982 wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ walitaka kuingia mjini. Walikuwa na mchezo mpya, Maitũ Njugĩra, unaozungumzia utumwa wa kipande na kazi za kulazimishwa katika miaka ya 1930, wenye nyimbo za jamii nyingi za Kenya katika lugha zao. Waliomba National Theatre. Siku ya kufungua ilipofika walikuta milango imefungwa na polisi wako nje. Wakahamia jirani, Chuo Kikuu cha Nairobi, katika ukumbi unaoitwa Theatre II, na kwa kuwa hawakuwa na kibali cha onyesho waliendelea na mazoezi tu, milango ikiwa wazi.

Watu walikuja kutazama mazoezi. Walikuja kwa miguu kutoka mitaa ya jirani, walikuja kwa mabasi ya kukodi kutoka mbali. Ukumbi ulijaa kabla ya saa, vijia vikajaa, walioshindwa kuingia wakasimama nje wakisikiliza. Ngũgĩ wa Thiong'o ameandika kwamba zaidi ya watu 10,000 waliuona kabla mamlaka hayajaamuru mazoezi yakomeshwe. Nimewahi kuzungumza na mama mmoja wa Kikuyu aliyekuwapo akiwa msichana. Hakumbuki vizuri jinsi hadithi ilivyoisha. Anakumbuka kwamba waliokaa upande wake waliimba nyimbo za Kijaluo wasizozielewa, kwa sababu walikuwa wamekuja usiku uliotangulia na kuzishika. Hiyo kwangu ni habari kubwa ya taifa. Watu wa lugha tofauti walikuwa wakifundishana nyimbo za mateso yao ndani ya chumba kimoja, na hakuna aliyewalazimisha.

Machi 12, 1982, polisi waliokuwa na silaha walienda Kamĩrĩĩthũ na ukumbi wa wazi ukabomolewa. Ngũgĩ wa Mĩriĩ na Gecaũ walikimbilia Zimbabwe. Mwaka huo huo Alamin Mazrui, aliyekuwa akifundisha chuoni na ambaye tamthilia yake Kilio cha Haki ilihusu mgomo wa wafanyakazi wa shamba, aliwekwa kizuizini. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, iliyoanzia siku za mwisho za ukoloni, iliendelea kudai kila kikundi kiwe na leseni, na katika miaka iliyofuata michezo kadhaa ilinyimwa leseni au kusimamishwa.

Kumbi zilipofungwa, maigizo yalienda kwa watu. Wahome Mutahi, mwandishi wa safu ya gazeti ya Whispers aliyekuwa amefungwa mwaka 1986 katika msako wa kundi la siri la upinzani la Mwakenya, alianzisha pamoja na wenzake kikundi kidogo kilichoitwa Igiza Productions. Kiliigiza kwa Kikuyu, na mara nyingi kiliigiza katika baa, Nairobi na mikoa ya jirani. Mchezo uliojulikana zaidi ni Mũgathe Mũbogothi, kuhusu mtukufu mtawala anayeropoka. Niliuona katika baa moja kando ya barabara ya Naivasha nikiwa mwalimu kijana. Hakukuwa na pazia wala jukwaa la kuinuka. Meza zilisukumwa pembeni, moshi wa nyama ulikuwa hewani, na mtukufu akaingia kwa mlango uleule tulioingilia sisi.

Sijawahi kuona watazamaji wakifanya kazi namna ile. Mtukufu alitoa amri, wanywaji wakamjibu. Alidanganya, mzee mmoja akasimama na kumkumbusha alichosema awali. Waigizaji walinyamaza, wakampa nafasi, kisha wakaendelea kutoka pale alipowaacha. Jina la rais halikutajwa hata mara moja, na hakuna aliyehitaji litajwe. Watu ambao mchana walizungumza siasa kwa kunong'ona, wakiangalia nani amekaa nyuma, walikuwa wanasema wazi mbele ya wageni. Naamini mageuzi ya 2002 yalianza kuzoezwa katika vyumba kama hivyo, miaka mingi kabla ya kura. Mutahi alifariki Julai 2003, baada ya kuuona utawala ukibadilika.

Huku magharibi mwa jiji kulikuwa na kazi nyingine. Mwaka 1994 mwigizaji Anne Wanjugu alianzisha Shangilia Mtoto wa Afrika, makao ya watoto wa mitaani yaliyoko Kangemi. Aliwapa chakula, shule na jukwaa. Watoto waliigiza maisha yao wenyewe: gundi, baridi, rungu la askari. Majirani waliokuwa wakiwaita chokoraa na kuwafukuza walikaa chini wakawatazama. Kuna namna ya kumtazama mtoto barabarani unapokaza mwendo, na kuna namna ya kumtazama anapokushikilia macho kutoka jukwaani na huwezi kuondoka. Nimefundisha vijana waliokulia karibu na makao hayo, na wanasema mama zao walianza kuuliza majina ya watoto wale baada ya kuwaona wakiigiza.

Mei 2022, Ngaahika Ndeenda iliigizwa hatimaye Kenya National Theatre, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza, ikielekezwa na Stuart Nash. Karibu miaka 45 ilikuwa imepita tangu kibali kifutwe. Ukumbini niliona wazee wamevaa nguo zao za kanisani, na nyimbo zilipoanza waliziimba bila kutazama popote. Hakuna aliyewanyamazisha.

Lakini jambo hili halijaisha. Aprili 2025, wasichana wa shule ya Butere walikwenda Nakuru kwenye tamasha la kitaifa la drama na Echoes of War, mchezo wa Cleophas Malala kuhusu vijana na utawala. Ulikuwa umeondolewa mashindanoni, na Mahakama Kuu ikaamuru waruhusiwe. Walipofika, polisi walimzuia Malala kuwafikia, wakawatawanya wananchi kwa vitoa machozi. Wasichana waliingia ukumbini wakakuta hakuna watazamaji. Waliimba wimbo wa taifa wakatoka bila kuigiza. Watu wengi walisema wasichana walinyimwa jukwaa. Jukwaa walipewa, walichonyimwa ni hadhira, nao walielewa, kabla ya watu wazima wengi, kwamba bila hadhira hakuna mchezo.

Ndiyo maana siwaambii wanafunzi wangu wakae kimya. Tulipotazama tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, mtawala Majoka alipofunga soko la Chapakazi, watoto ambao mama zao wanauza mboga Kawangware walipiga kelele. Mwanaharakati Tunu alipovunjwa mguu walilia. Mwigizaji wa Majoka aliwageukia akawatisha, nao wakamjibu kwa sauti moja, na baada ya hapo onyesho lilikuwa zito na la kweli kuliko nililolisoma kitabuni. Wanajifunza mtihani, ndiyo. Wanajifunza pia kumjibu mwenye nguvu wakiwa wengi na wakiwa macho.

Sasa nawapa kazi ya likizo. Vitabu vimehifadhi majina ya waandishi na waelekezi, lakini waliokaa vitini mwaka 1976 na 1982 wanazeeka Limuru, Kikuyu, Dagoretti na Kangemi, na hakuna anayewauliza. Kila mwanafunzi amtafute mmoja. Amuulize aliketi wapi, alikuja na nani, aliimba nini, na alirudi nyumbani akiwa anawaza nini. Aandike yote, pamoja na jina la mwenyewe akikubali. Madaftari yatakaa katika maktaba ya shule, kwenye rafu moja na tamthilia, kwa sababu ni sehemu yake.