Kumtumia mshauri wa kodi: mambo ya kujua mwenye duka dogo

Ndugu zetu wengi wa Unguja na Pemba wana maduka Bara, na baadhi yao humwachia mtu mwengine awaandalie kodi ya mapato. Jambo hilo linaruhusiwa. Lakini huo ni uwakala, na mwenye mali habaki bila ya jukumu kwa kuwa ameweka wakala.

Sheria ni moja
Kodi ya mapato ni jambo la Muungano. Sheria ya mwaka 2004 inamhusu mwenye duka Wete kama inavyomhusu mwenye duka Mpepai, kata ya Halmashauri ya Mji wa Mbinga, mkoani Ruvuma. Mwajiriwa asiye na pato jengine hukatwa na mwajiri wake. Mwenye biashara hujipeleka mwenyewe.

Faida ya daftari
Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mauzo ya mwaka yasiyozidi shilingi milioni 4 hayatozwi. Anayeuza kati ya milioni 4 na milioni 7 hutozwa asilimia 3 ya kilichozidi milioni 4, iwapo anaweka kumbukumbu. Asiyeweka hutozwa shilingi 100,000.

Tuchukue duka la Mpepai lenye mauzo ya milioni 5. Mwenye daftari atalipa 30,000. Jirani mwenye mauzo hayo hayo bila ya daftari atalipa 100,000. Mshauri hawezi kumwokolea hizo 70,000 ila kwa kubuni hesabu, na huo ni uongo. Aya ya 282 ya Suratul-Baqarah imehimiza madeni yaandikwe na mwandishi awe muadilifu. Basi andika mauzo kila siku, na risiti za manunuzi zihifadhi.

Kabla ya kumkabidhi
1. Hakikisha mshauri amesajiliwa na TRA.
2. Ujira ujulikane mapema. Nambari ya mlipakodi, TIN, hutolewa bure.
3. Mwenye mauzo yasiyozidi milioni 100 halazimiki kupeleka hesabu zilizokaguliwa, basi asiuziwe huduma asiyoihitaji.
4. Soma makadirio au ritani kabla haijapelekwa. Kosa likionekana, atakayeulizwa ni wewe.
5. Lipa mwenyewe, benki au kwa simu, kwa kumbukumbu namba ya malipo. Usimpe mtu fedha mkononi akulipie.
6. Akikwambia sehemu ya fedha ni ya "kulainisha", mwache. Hiyo ni rushwa, na rushwa ni haramu kwa mtoaji na mpokeaji.

Tarehe
Mwaka wa kodi ni Januari hadi Desemba. Makadirio hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Disemba. Anayetakiwa kupeleka ritani ya mwaka huipeleka ndani ya miezi sita baada ya mwaka kwisha, yaani hadi 30 Juni.

Kodi na zaka
Kwa kauli ya wanachuoni walio wengi, kodi iliyolipwa haihesabiwi kuwa zaka. Daftari hilo hilo litakusaidia kujua kama mali yako imefika nisabu.

Na Allaah Anajua zaidi.