Winga Hupigiwa Makofi, Namba Sita Ndiye Aliyepanda Ndege

Nenda Camp Toyoyo pale Jericho Jumapili mchana, usimame karibu na mstari wa pembeni. Kabla dakika kumi kuisha utakuwa umeshaonyeshwa mkali wa mechi, na karibu kila wakati ni mtoi wa aina moja: mwembamba, soksi zimeshuka, anacheza winga. Anampiga beki chenga, anamngoja, anampiga tena. Mbinja zinapaa. Halafu kuna mzee atakayekuambia kwamba huyu akipata tu mtu wa kumpeleka nje, amefika.

Sentensi hiyo imesemwa Eastlands vizazi na vizazi, na waliosemwa hivyo ni wengi kuliko viti vya matatu ya Jogoo Road. Lakini tukiangalia historia, waliofika kweli walikuwa wachezaji wa aina gani?

Tuanze Muthurwa, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Hapo ndipo walikulia ndugu wawili, watoto wa Noah Wanyama, aliyechezea AFC Leopards miaka ya 80. Mkubwa, McDonald Mariga, alizaliwa 1987. Akasoma Kamukunji High, akapitia klabu za nyumbani, na mwaka 2005 akaenda Enköpings ya Uswidi. Kutoka hapo ikawa Helsingborg, kisha Parma, kisha Inter Milan. Mdogo, Victor Wanyama, alizaliwa 1991. Yeye alipita Celtic, Southampton na Tottenham, na ndiye Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Celtic walipomuuza Southampton mwaka 2013 kwa pauni milioni 12.5, hakuna klabu ya Uskoti iliyokuwa imewahi kuuza mchezaji kwa bei hiyo.

Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa winga. Wote wawili ni viungo wa kukaba, kazi ya namba sita. Ni wale wasee wa kunyang'anya mpira, kuupeana kwa mwenzao na kurudi kusimama mahali pao. Kazi hiyo mtaani haipigiwi mbinja.

Sisi tumezoea kumtazama mwenye mpira. Hata msemo wetu maarufu zaidi wa soka ni "Kadenge na mpira," uliotoka kwa utangazaji wa redio enzi za Joe Kadenge, mshambuliaji wa Harambee Stars aliyefariki Julai 2019. Msemo ule ni mtamu, lakini umetufunza kuangalia mtu mmoja. Hakuna aliyewahi kupiga kelele redioni kuhusu jamaa aliyeziba nafasi ili Kadenge aupate huo mpira.

Uwanja wenyewe pia unachangia. Mtoto wa estate anajifunza kwenye kipande cha ardhi kati ya ploti mbili, vumbi kiangazi, tope masika, watano kwa watano, mawe mawili ndiyo goli. Hapo hakuna nafasi ya kukimbia mita 40 na hakuna krosi ya kupiga. Kinachokuokoa ni mguu mwepesi katika nafasi ndogo. Kwa hivyo mtaa unazalisha chenga kama vile unavyozalisha slang, bila kupanga. Lakini ukimhamisha yule mtoi kwenye uwanja mkubwa wenye nyasi, beki wa pembeni ana mwenzake nyuma yake. Chenga ya kwanza inapita. Ya pili inakutana na mtu wa pili.

Si ati washambuliaji wenye kasi hawajawahi kufaulu. Dennis Oliech alitoka Mathare United, timu iliyozaliwa ndani ya MYSA, chama cha michezo cha vijana kilichoanzishwa Mathare mwaka 1987. Alifunga bao tulipowachapa Burkina Faso 3-0 kule Tunisia mwaka 2004, ushindi wetu wa kwanza kabisa katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Baadaye akacheza Ufaransa, Nantes na Auxerre. Ila Oliech hakuwa wa kuremba. Alikuwa na mbio na nguvu, na akili yake ilikuwa golini. Na MYSA ilikuwa na utaratibu wake: timu ilipata pointi za ligi kwa kusafisha mtaa, si kwa kushinda mechi pekee. Mtoto alijua mapema kwamba kuna kazi isiyo na makofi na inahesabiwa.

Winga halisi tuliyemwona Ulaya ni Ayub Timbe, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1992. Lakini soka lake lilipikwa Ubelgiji, katika akademia za huko, ndiyo baadaye akacheza Genk, Lierse, Uchina, na mwaka 2020 Reading ya Uingereza kwa mkopo. Mguu wa Nairobi, sawa, lakini mafunzo ya winga aliyapata kwingine.

Kuna jambo lingine ambalo mzee wa pembeni ya uwanja huwa halihesabu. Januari 2010, Manchester City walimtaka Mariga. Mguuni alikuwa ameshapita mtihani. Kilichokwama ni kibali cha kazi, kwa sababu sheria ya Uingereza wakati huo iliangalia nafasi ya timu ya taifa ya mchezaji katika orodha ya FIFA. Ilitakiwa iwe ndani ya 70 bora, na Harambee Stars hawakuwa karibu. Inter wakamchukua dirisha lilelile, na Mei mwaka huo alikuwa benchi Madrid wakichukua ubingwa wa Ulaya. Mambo yakaishia vizuri, lakini ona: kipaji cha mtu mmoja kilipimwa kwa matokeo ya nchi nzima.

Na Wanyama je? Alimfuata kaka yake Helsingborg mwaka 2007 akiwa kijana mdogo. Kaka alipoenda Italia, Victor akarudi nyumbani. Wangapi mtaani wangesema hapo kwamba kijana ameshindwa? Mwaka uliofuata Beerschot ya Ubelgiji wakampa mkataba. Novemba 7, 2012, akiwa Celtic, aliwafunga Barcelona kwa kichwa. Kijana aliyerudishwa na ndege siyo kijana aliyekwisha, lakini huyu alikuwa na baba na kaka waliojua njia. Wengi hawana.

Kwa hivyo ukitaka kumpima winga wa miaka 16, mtazame akiwa hana mpira. Timu yake ikipokonywa, anarudi kusaidia beki wake au anashika kiuno? Baada ya kumpita mtu wa kwanza, anainua kichwa? Mguu wa pili upo, au ni wa kusimamia tu? Dakika ya 70 bado anakimbia? Na hapo uwe muungwana, uulize pia alikula nini asubuhi, maana wengi tunaowaita wavivu kipindi cha pili walikuja uwanjani na chai ya rangi tumboni. Uliza kama cheti chake cha kuzaliwa kiko na miaka yake ni ya kweli. Uliza bado yuko shule.

Hilo la shule nalisema kwa uzito. Mimi niliacha chuo katikati, na najua mlango huo unavyokuwa mzito ukitaka kurudi. Winga anayeambiwa kila wikendi kwamba ameshafika huanza kuona daftari kama mzigo. Akifikisha miaka 22 bila mkataba, walewale waliopiga mbinja wameshapata mtoi mwingine wa kushangilia, na yeye anabaki na jina la utani na goti bovu.

Makofi ni mapenzi, na hakuna anayetaka mtaa usio na mbinja. Lakini hayajawahi kumfundisha mtu kupiga krosi kwa mguu wa kushoto. Anayempenda kweli yule winga atamwita pembeni mechi ikiisha na kumwambia zile mara nne alizoacha beki wake peke yake.