Simu ya Msikilizaji: Majina Yaliyosomwa Redioni



Siku hizi kijana akipata salio hupiga simu redioni, akasalimia jamaa zake na kutoa hoja. Sisi walimu tumeona vema kukumbusha kwamba katika Maziwa Makuu sauti ya msikilizaji ina historia nzito.

Zamani tulishiriki kwa karatasi. Radio Tanzania Dar es Salaam ilipokea kadi za salamu kwa posta, mtangazaji akasoma majina. Simu ilikuwa kitu cha ofisini na cha wenye mali.

Julai 1993 redio ya RTLM ilianza kutangaza Kigali. Ilichangamka kwa muziki, mizaha na simu za wasikilizaji, na wengi waliipendea hayo. Lakini mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ilitangaza majina ya watu na mahali walipojificha. Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili. Rufaa ya mwaka 2007 ilipunguza adhabu, lakini haikuwaachia huru.

Mwaka huohuo wa 1994 BBC ilianzisha kipindi cha Gahuzamiryango, yaani "mwenye kuunganisha familia", kwa Kinyarwanda na Kirundi. Agosti ikaanza Radio Agatashya huko Bukavu, ikadumu hadi vita vya 1996. Mwaka 1995 Wajesuiti wanaohudumia wakimbizi walianzisha Radio Kwizera huko Ngara. Majina yakasomwa tena, ila sasa yalikuwa ya watoto waliopotea na wazazi waliowatafuta. Tulizunguka redio moja watu ishirini, betri zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu, wala hakuna aliyethubutu kukohoa. Jina moja likitambuliwa, blandi nzima ililia kwa furaha.

Chombo ni kilekile, na kazi ni ileile ya kusoma majina. Kilichotofautiana ni nia ya mwenye kipaza sauti na uangalifu wa aliyeleta habari. Kwa hiyo darasani tunawafundisha watoto maswali matatu kabla ya kupiga simu: Nimejuaje jambo hili? Litamfikia nani? Litamfanyia nini?

Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole hupona. Neno likishapita hewani halirudi.