Ukipenda Boga, Penda na Ua Lake

Katika baadhi ya shule za msingi za binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza, ambazo zimeenea Kinondoni na Temeke tangu miaka ya 1990, mwisho wa Oktoba huja na picha za popo, mafuvu, maboga yaliyotobolewa macho na vikongwe wenye kofia zilizochongoka. Watoto wanaoanza Kiingereza hufundishwa kutamka "ghost", "pumpkin" na "witch", kisha wakapewa karatasi za kupaka rangi. Mimi niliyesomesha lugha hiyo sekondari sina ugomvi na somo hilo, kwa kuwa lugha haitengani na mila za wenyewe. Lakini wahenga walisema: ukipenda boga, penda na ua lake. Anayechuma maneno hayo hana budi kuchuma na historia yake.

Jina la Halloween lina maana ya mkesha wa watakatifu. Tarehe 31 Oktoba ni usiku wa kuamkia Sikukuu ya Watakatifu Wote, ambayo Wakatoliki wa Temeke huiadhimisha kila tarehe 1 Novemba, na kesho yake wakawaombea marehemu wote. Kabla ya Ukristo, watu wa Ireland walikuwa na sikukuu yao ya Samhain wakati huohuo, mavuno yakiisha na baridi ikiingia. Njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 iliwatawanya Waairishi wengi hadi Marekani. Kwao walikuwa wakichonga tanipu na kutia mwanga ndani yake. Ugenini wakakuta maboga, makubwa zaidi na mepesi kuchongeka. Hivyo boga la sikukuu hii ni tunda la uhamiaji. Kwetu boga ni futari ya nazi, na majani yake ni mboga.

Majira nayo yana mtego. Wako wanaoifasiri "autumn" kwa neno vuli. Vuli yetu ni mvua za Oktoba hadi Desemba: mashamba hulimwa, na miembe huanza kuivisha. Vuli hiyo ya kamusi ni majani kupukutika na usiku kurefuka. Dar es Salaam, karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, likipishana kwa takriban nusu saa tu. Mtoto asipoelezwa kwamba huko kaskazini giza hula mchana, hataelewa kwa nini watu wa kale waliwakumbuka wafu msimu huo hasa.

Neno "ghost" hufasiriwa mzimu. Katika Wilaya ya Kinondoni iko kata iitwayo Mzimuni, na watoto wake huvaa sare na kwenda shule kama wengine wote. Mzimu kwa wahenga ulikuwa roho ya mzee aliyetangulia, na pia mahali pa kumtambikia, pangoni au chini ya mbuyu. Ndiyo maana iliyomo katika riwaya ya Muhammed Said Abdulla, *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyotoka mwaka 1960. Mzimu uliogopwa kwa sababu uliheshimiwa. Shuka jeupe lenye matundu mawili ya macho halibebi heshima hiyo.

Neno zito kuliko yote ni "witch". Uingereza iliwahi kuwanyonga watu, wengi wao wanawake, kwa tuhuma za uchawi. Sheria ya mwaka 1735 ndiyo iliyofuta mashtaka hayo, na karne zilizofuata zikamgeuza mchawi kuwa kikaragosi cha watoto. Serikali hiyohiyo ilipoitawala Tanganyika ilitunga Sheria ya Uchawi mwaka 1928, na hadi leo imo katika sheria zetu, Sura ya 18. Huku kwetu uchawi haujawa kikaragosi. Shinyanga na Mwanza vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni kwa miaka mingi. Watu wenye ualbino nao wamewindwa kwa imani za namna hiyo.

Sasa tazama karatasi ile ya kupaka rangi: kikongwe, mgongo uliopinda, macho mekundu, na chini yake neno moja la kukariri. Mtoto wa London huona kichekesho, maana waliouawa kwao wamesahauliwa. Mtoto wa Mbagala anaweza kumwona bibi yake.

Kwa hiyo nawashauri walimu wenzangu wasilikimbie somo, bali walipange upya. Waanze na ramani na kalenda: wapi, lini, kwa nini giza. Wafundishe "pumpkin" kwa boga halisi la sokoni, kisha lipikwe, lisitupwe. "Ghost" waieleze kama kiumbe wa hadithi za Waingereza, wala wasiifanye kuwa tafsiri ya mizimu ya mababu. Na "witch" isibandikwe kamwe chini ya picha ya mwanamke mzee. Ingoje darasa la juu, mwanafunzi atakapoweza kusoma habari za wote walionyongwa na kukatwa mapanga kwa ajili ya neno hilo, Uingereza na kwetu pia.